Siku Niliyompeleka Madam Kanisani

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana hapa Kibugu hata mgeni akishuka stejini aulize njia ya kwangu, kwanza ataulizwa, "Yule aliyelia kanisani kwa sababu ya kuku?" halafu ndipo aonyeshwe njia. Ndiyo, ni mimi. Nililia. Na sikulia yale machozi ya wanaume ya kujifuta kisirisiri kama mtu aliyeingiwa na vumbi, la, nililia kwa sauti, mbele ya pasta, mbele ya kwaya nzima, na mbele ya mama mkwe wangu aliyekuwa ametoka Meru kuja kuona binti yake anaishi na mwanamume wa aina gani, na akaona.

Kuku mwenyewe aliitwa Madam.

Nilimpata jioni ileile niliyoanza masomo ya usiku. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, vidole vyeusi kwa kuchuma majani chai tangu utotoni, na nilikuwa nimechoka kuomba watu wanisomee barua, basi nikapita sokoni kununua daftari. Pale kando kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa ameuza kuku wake wote akabakiwa na kifaranga kimoja tu, nusu kina manyoya, nusu hakina, shingo tupu kama mzee aliyekondea ndani ya kola. Akaniambia, "Baba, chukua tu huyu bure, sina nguvu ya kumrudisha nyumbani, na kesho atakuwa amekufa." Nikamtia kwenye mfuko wa koti, daftari upande huu, kifaranga upande ule, nikaenda darasani.

Sasa darasa lenyewe lilikuwa la shule ya msingi, yale madawati ya watoto wa darasa la tatu, ukikaa magoti yanafika masikioni. Tulikuwa watu wazima ishirini, wachuma chai, mwashi mmoja, mama wawili wa kuuza mboga, na mzee mmoja aliyesema amekuja kujifunza ili agombane na wanawe kwa Kiingereza. Mwalimu Nyaga akaandika ubaoni hesabu moja (ilikuwa ndefu kutoka dirisha hadi mlango, siwaongopei) akageuka akauliza, "Nani atajaribu?" Kimya. Ungesikia chungu akipiga miayo. Halafu kutoka kwenye mfuko wangu: "Piu!"

Mwalimu Nyaga akatikisa kichwa, akasema, "Angalau kuna mmoja anayejaribu."

Ndivyo alivyosajiliwa. Miaka minne tulisoma pamoja, na nikiwa mkweli yeye alihudhuria kuliko mimi. Akakua hata mfuko ukamshinda, nikawa namwacha nyumbani, akaota manyoya ya rangi ya chai ya maziwa, akawa mkubwa kama bata mzinga (haya, karibu na bata mzinga), na nikirudi kutoka darasani alikuwa mlangoni ananingoja, akiniona anatoa sauti moja ya chini, "krooo," kama mtu anayesema umechelewa lakini nimekusamehe. Nikiwasha taa yangu ya sola anaruka mezani, anakalia kona ya ramani yangu ya jiografia, mimi nasoma kwa sauti, yeye anageuza kichwa, jicho hili, kisha jicho lile. Nilimsomea historia, nilimsomea insha zangu zote, nilimsomea somo la viumbe isipokuwa ile sura ya kupasua ndege, hiyo niliiruka kwa heshima, na bila shaka ndiyo iliyokuja kwenye mtihani. Hata hivyo nilipita. Siku nilipopata cheti nilimwonyesha yeye kwanza, akakidonoa pembeni, na lile tundu bado liko, huwa nawaambia watu ni muhuri.

Hiyo ilikuwa zamani kidogo. Ikaja siku nikaoa Kagwiria, msichana wa Meru, na Kagwiria akamkuta Madam nyumbani. Alikuwa akiwaambia watu, "Mimi ni mke wa pili, wa kwanza ana mabawa." Lakini walielewana, yaani walielewana kama wake wenza wanavyoelewana.

Sasa mwaka ule Madam akaugua. Alikuwa amezeeka, miaka minane kwa kuku ni kama mia kwa mtu, na kwanza akaacha kuja mlangoni, halafu mabawa yakalegea, macho yakawa yanafumba mchana kweupe, na ukimpa punje tatu za mahindi anazitazama kama kazi ya mtu mwingine. Nikamkamulia shubiri kwenye maji. Nikampa pilipili. Jirani akasema majivu, nikampa majivu. Mwingine akasema, "Dawa yake ni kisu, mchinje angali na uhai nyama isiharibike," nikaacha kusalimiana naye hadi leo. Nilimpigia simu Daktari Ndwiga, yule wa mifugo, simu ikawa haipatikani wiki nzima kwa sababu alikuwa ameshuka huko chini kwenye joto kuchanja ng'ombe. Mimi nikawa silali, naamka kumsikiliza kama anapumua, nachuma chai huku nasinzia, hata kule kituo cha kupima majani karani alinikuta nimelalia gunia langu limesimama. Kwa hiyo matangazo yote ya wiki ile, ya kanisa, ya chifu, ya nani, yalinipita.

Moja halikunipita. Ijumaa jioni Kagwiria, binti yetu Wanja mgongoni, akaniambia, "Baba Wanja, mama anakuja kesho. Atalala, Jumapili aende kanisani na wewe, mimi nibaki kupika."

Nikasema karibu sana, tutafurahi.

Akatupia jicho sanduku nililomlazia Madam pale kona. Halafu akasema, "Na unajua mama yangu hawezi kuja mara ya kwanza nyumbani kwangu akale ndengu."

Nikasema, "Kuku tutanunua."

"Tutanunua kwa nini na yuko pale kwenye sanduku?"

"Kagwiria, huyo ni mgonjwa!"

"Moto utamtibu."

Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania. Lakini yule mwanamke ana utani ambao ukirudi nyumbani unaukuta kwenye sufuria, na mimi ile Jumapili asubuhi, mama mkwe akiwa tayari amevaa kilemba chake uani ananingoja, nikasimama mbele ya lile sanduku nikafikiria mambo mawili. La kwanza, nikimwacha Madam hapa nitarudi kuna harufu nzuri. La pili, Daktari Ndwiga anaimba besi kwenye kwaya yetu na hajawahi kukosa Jumapili hata moja, kwa hiyo ibada ikiisha tu namshika pale nje, anamtazama, anamdunga sindano, tunarudi. Nikachukua kiondo, nikatandika majani makavu ya ndizi, nikamweka Madam taratibu, nikafunika kwa kitambaa. Uamuzi mdogo hivyo tu. Hata mwizi wa benki huanza na uamuzi mkubwa kuliko huo.

Njiani mama mkwe aliniuliza, "Umebeba nini, baba?"

Nikasema, "Kuku, mama."

Akatabasamu. Hakuuliza zaidi, na mimi sikueleza zaidi, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo la kwanza. Nyinyi mnajua kwetu kuna ile kitu inaitwa nthoni, heshima na haya kati ya mtu na mama mkwe wake, kwamba humkaribii ovyo, humtazami usoni sana, humjibujibu, na akisema jambo mbele za watu basi limesemwa. Mimi nilikuwa nimeshikilia nthoni yangu kama trei ya mayai. Nilitembea nyuma yake hatua sita.

Tulipofika mlangoni nikaona migomba. Migomba kabisa, imefungwa kwenye nguzo, na mlango wote mabua ya mahindi na maua, na watu wanaingia na maboga, nduma, magunia ya viazi, mbuzi mmoja anavutwa kwa kamba. Jumapili ya shukrani! Ile siku ya mwaka ambayo kila mtu hubebea Mungu kitu kutoka shambani au zizini, vinapangwa mbele, vinaombewa, na ibada ikiisha vinauzwa kwa mnada palepale. Ndiyo tangazo lililonipita nikiwa nimelalia gunia.

Mama wa mlangoni, yule mhudumu mwenye mkanda mwekundu begani, akaona kile kiondo, akafunua kitambaa, akapiga kigelegele akasema, "Baba Wanja! Mwaka jana ulileta sukuma wiki!"

Nikafungua mdomo niseme, hapana dada, huyu si wa sadaka. Naapa nilikuwa nimeufungua. Lakini mama mkwe akanitangulia, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja kwenye duka lake la nafaka kule Makutano, "Bwana asifiwe! Nilimwona akimfunga asubuhi kwa mikono yake mwenyewe, taratibu kama mtoto! Nikasema binti yangu ameolewa na mtu anayemjua Mungu!"

Sasa wewe ungefanyaje? Niseme mama umekosea? Mbele ya mlango mzima? Nikafunga mdomo. Kiondo kikaondoka.

Nikakaa benchi la tano, wanaume huku, mama mkwe upande wa wanawake ananitazama kwa fahari, na mbele kule, kati ya boga kubwa kama jiko na jogoo mweusi wa Mzee Njoka, nikamwona Madam wangu ametoa kichwa kwenye kiondo, macho amefumba, shingo inaning'inia kidogo kushoto. Nikamtafuta Daktari Ndwiga kwenye kwaya. Nikampata. Nikaanza kumpa ishara kwa nyusi, kwamba mtazame kuku, tazama kuku, kuku! Yeye akiwa katikati ya ubeti akadhani nasifia besi, akaninyanyulia kidole gumba na kuishusha sauti zaidi, mpaka madirisha yakatetemeka. Nikanyanyua nyusi tena hadi zikaingia kwenye nywele. Mzee aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, "Una presha?"

Na pasta, kati ya mambo yote duniani ya kuhubiri, siku ile akahubiri juu ya watu wanaomletea Mungu mnyama mgonjwa. Siwaongezei chumvi, hapa sina haja. Alisema wapo watu ambao chifu akiwatembelea wanamchinjia yule mnono, lakini Mungu wanamletea kile kinachokufa, wakidhani haoni. Alisema kwa uchungu. Alisema akipita mbele ya zile sadaka, huku na huku, na kila akimkaribia Madam mimi nalowa jasho hadi soksi. Watu wakasema amina. Mama mkwe akasema amina mara mbili na kunitazama mimi, mfano mwema. Nikasema amina. Ilitoka kama ya Madam.

Ibada ikaisha, mnada ukaanza. Mwendesha mnada wetu ni Mzee Ireri, mzee wa kanisa, mfupi, sauti yake haihitaji kipaza lakini hukishika hata hivyo. Akauza ndizi, akauza mbuzi, akauza lile boga kwa watu watatu kwa mpigo. Halafu akamtoa Madam kwenye kiondo akamwinua juu.

"Kuku huyu! Mnamwona alivyotulia? Hapigi kelele, hapapatiki. Huyu ameokoka!"

Kanisa likacheka. Nikanyanyua mkono kabla hajamaliza. "Mimi!"

"Si ni wewe umemleta?"

"Namnunua!"

Watu wakapiga makofi, maana hilo kwetu si kitu kigeni, mtu kutoa kitu chake na kukinunua mwenyewe ni kumpa Mungu mara mbili. Mama mkwe akasimama akapiga kigelegele. Ningemnunua, ningemfunika, ningetoka, tungekuwa tunaongea mambo mengine leo. Lakini Mzee Njoka, mwenye kinu cha kusagia mahindi, mtu mwema kabisa lakini hajawahi kuona mnada akabaki amekaa, akanyanyua fimbo yake akapandisha. Nikapandisha. Akapandisha. Nikapandisha hadi nikafika bei ya ndama, mfuko wangu ukiwa na nauli na nusu ya kitambaa cha jasho, na kanisa limesimama lote, linadhani linaona imani ikishindana na imani, watoto wamepanda juu ya mabenchi, na Madam yuko hewani mkononi mwa Mzee Ireri anazungushwa kushoto na kulia ili kila mtu amwone.

"Na koti langu!" nikapiga kelele. "Naongeza na koti!"

Mzee Ireri akasema, "Koti halipandi, Baba Wanja. Lina kiraka."

Njoka akashinda. Na nilikuwa tayari nahesabu nitakavyomfuata nje nimwangukie, nimweleze mwanamume kwa mwanamume, wakati alipofanya ule mwendo wetu mwingine wa mnadani, wa mtu akinunua kitu anampa mtu mwingine kumheshimu. Akachukua kipaza akasema, "Leo tuna mgeni kutoka Meru, mama mkwe wa huyu kijana ambaye ametushangaza kwa upendo wake. Mgeni haondoki Kibugu mikono mitupu. Kuku huyu nampa mama!"

Wanawake wakalipuka. Wakamzunguka mama mkwe, wakaanza wimbo, akakabidhiwa Madam, naye akamwinua juu kwa mikono miwili akaanza kucheza naye kuja mbele, akimpandisha, akimshusha, mwili wake wote unashukuru, na nikaona kichwa cha Madam kinafuata kwa kuchelewa, kinaenda kule mwili ukiwa umesharudi huku.

Nikaondoka kwenye benchi. Ili nisionekane mtu wa vurugu nikaanza kucheza na mimi, yaani mwanamume peke yake katikati ya akina mama, mikono mbele, namfuata mama mkwe wangu kwa hatua za ngoma. Akienda kulia, naenda kulia. Wimbo ukaanza kupungua, sauti moja moja. Nilisikia mtu akisema, "Eee, huyu vipi?" Sikuwa nasikia vizuri. Nilimfikia pale karibu na mimbari, nikashika kuku, mama mkwe hakuachia, nikavuta, akavuta, mimi, mtu wa hatua sita, nimesimama pua kwa pua na mama wa mke wangu nampokonya zawadi yake mbele ya watu mia tatu.

Mama mkwe akaachia kwa mshangao. Na Madam, mikononi mwangu, akafumbua jicho moja, lile la kulia, akanitazama, akasema, "Krooo." Taratibu sana. Halafu shingo ikalala juu ya mkono wangu, na nikaujua uzito wake, maana ulibadilika.

Nikakaa chini kwenye ngazi ya madhabahu nikalia. Hiyo ndiyo sauti mliyoisikia ikisimuliwa hadi Embu mjini. Wengine wanasema nilipiga yowe, wengine wanasema nililia kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama. Mimi sikujisikia.

Pasta akaja akainama. "Ndugu," akasema polepole, na kipaza kilikuwa bado kimewashwa, "huyu kuku ulimleta hapa akiwa mgonjwa?"

"Wiki nzima, pasta."

Kanisa zima likavuta pumzi. Nikaona nisiposema sasa nitabaki yule mtu wa mahubiri milele, basi nikasema yote, nikiwa pale chini, kwamba sikumleta awe sadaka, nilimleta kwa Daktari Ndwiga, kwamba nilishindwa kusema hapana mlangoni, kwamba huyu kuku alinifundisha kusoma, yaani si kunifundisha, alikuwa akikaa nami, na mimi sikuwa na mtu mwingine wa kukaa naye saa zile, wenzangu walikuwa wakinicheka mzee mzima na daftari, na yeye hakunicheka. Nikasema anaitwa Madam. Hapo pembeni mtu akacheka, kicheko kikashika benchi moja, likawasha la pili, kikawa kinakuja kama mvua kwenye mabati.

Mama mkwe akageuka. "Mnacheka nini?" akauliza, na mvua ikakatika. "Baba ya Kagwiria alipofariki nilizungumza na ng'ombe mwaka mzima. Kila asubuhi, nikikamua. Watu walikuwa wameshachoka kunisikiliza, wananiambia mama jikaze. Ng'ombe hakuniambia nijikaze." Akafungua leso yake kiunoni, akainama, akaitandaza magotini kwangu. "Mfunge na hii, baba. Tumpeleke nyumbani."

Tulipofika, Kagwiria alitokea mlango wa jikoni akifuta mikono, akaona kile kifurushi, akaona manyoya, hakuona nyuso zetu. "Afadhali!" akasema. "Maji yameshachemka."

"Maji hayo ni ya chai," mama yake akamwambia.

Nilimchimbia mwenyewe kule mwisho wa shamba, pale mistari ya chai inapoishia na udongo ni laini. Kagwiria alikuja akasimama, hakutania, akaniletea lile sanduku la Madam la kulalia tumzike nalo. Mama mkwe akatupa udongo kidogo kwa mkono wa kulia kama inavyotakiwa. Na tukiwa bado pale Daktari Ndwiga akafika mbio na mkoba wake, shati la kwaya bado mwilini, akaomba amwone hata hivyo. Akafunua lile sanduku shimoni, akapapasa, akatazama ndani ya mdomo, akafunika.

Nikamuuliza, "Ungemtibu?"

"Hapana," akasema. "Umri, na ugonjwa juu yake. Angeenda leo au kesho." Halafu, kwa kuwa ni mtu mkweli na sijui kama namshukuru au namlaumu, akaongeza, "Lakini kuku wa hivi huachwa tu, ndugu yangu. Mahali penye giza, pasipo kelele. Wanapenda kufa kimya."

Nilikuwa nakumbuka besi, na jogoo wa Njoka, na mikono ya Mzee Ireri, na vigelegele vyote vile.

Hilo ndilo linaloniuma, jamaa zangu, si aibu. Aibu niliizoea kufikia Jumanne, kule kituoni waliponipokea kwa kuvua kofia, karani akauliza, "Pole kwa msiba, mazishi yalikuwa na kwaya?" na mpaka leo kuna mzee ananiita Mjane. Nacheka nao. Kinachonirudia ni kwamba palihitajika maneno manne tu pale mlangoni, huyu si wa sadaka, na mimi, mtu mwenye cheti cha masomo, mwenye insha zilizosomwa kwa sauti miaka minne, nikashindwa kuyatamka kwa kuogopa kumsahihisha mama ambaye, kumbe, ndiye angekuwa wa kwanza kunielewa. Nimeapa sitanyamaza tena kwa heshima ya namna hiyo. Mama mkwe sasa akikosea namwambia, naye ananiambia, na tunaongea kwenye simu kuliko anavyoongea na binti yake.

Na ni yeye aliyenitumia kuku mwingine kutoka Meru, mweusi, mguu mmoja umepinda, ndani ya katoni iliyotobolewa matundu. Nilimwambia nimekoma, kuku wa jina nimeshamzika. Huyu simpi jina, simsomei kitu, hapandi mezani. Namwita Wewe, basi.

Shida ni kwamba ameanza kuitika.